Siku Moja Katika Mashimo Yaliyozaa Mji

Mtu akitajiwa neno machimbo, aghalabu mawazo yake huruka moja kwa moja hadi Mwadui kwenye almasi, au Geita kwenye dhahabu, au Mererani kwenye tanzanaiti. Sisi watu wa Unguja hatukujaaliwa vitu hivyo. Hata mlima wetu, kama tukithubutu kuuita mlima, ni ule mgongo wa Masingini ambao kilele chake kiko mita 120 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Siku moja nilimwonyesha mgeni wetu kutoka Moshi mgongo huo, naye akaniuliza kwa adabu kubwa mlima wenyewe uko wapi.

Hata hivyo, leo nataka nikuchukue katika safari ya siku moja ya kutembelea machimbo, na machimbo yenyewe yako hapa hapa kisiwani, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka mjini. Huenda umeyapita mara mia ukienda shamba na usiyajue, maana mengine yameota migomba, mengine yamejengwa nyumba, na mengine watoto huyafanya viwanja vya mpira.

Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, umejengwa kwa jiwe la tumbawe. Tumbawe ni makazi ya viumbe wadogo wa baharini. Mwamba tunaoukanyaga waliujenga wao, zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Bahari iliposhuka mwamba ukabaki nchi kavu, nao ndio uliofunika sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya kisiwa, kule ambako jembe likishuka hulia badala ya kuzama. Jiwe hilo likivunjwa vipande ni jiwe la kujengea; likichomwa ni chokaa ya kuunganishia; likipondwa ni kokoto. Kwa hiyo kila nyumba ya ghorofa tatu unayoiona kule Shangani au Malindi ina shimo lake mahali fulani, na mtu aliyelichimba.

Sasa nikueleze kilichonipeleka huko, kwani sikutoka kwa matembezi tu.

Nyumba yetu ya urithi iko katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe. Sitautaja kwa kuwa majirani nao husoma ukurasa huu. Ukuta wake wa upande wa uchochoroni umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Lipu ya saruji iliyopigwa zamani imeachana na jiwe, na ukiigonga kwa ngumi inalia tupu. Ghorofa ya chini anakaa mama mmoja mpangaji na wajukuu zake wanne. Sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka wakati jumba likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Tangu siku hiyo hakuna mwenye nyumba kongwe ambaye hulala fofofo mvua inapopiga.

Kaka yetu mkubwa, aliyeko Maskati tangu ujana wake, alituma fedha na amri pamoja: fundi aje abandue, apige saruji nzito, na kazi iishe kabla ya masika. Ndugu zangu wawili waliafiki. Mimi nilinyamaza kwanza, kwani katika kikao cha ndugu mwenye fedha husikilizwa zaidi ya mwenye maneno, na dada husikilizwa mwisho. Ndipo ami yetu, mdogo wake marehemu baba, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini na aliyefanya kazi ya uashi maisha yake yote, aliposema: "Kabla hamjaupa ukuta dawa, nendeni kwanza mkamwone mama yake."

Hakuna aliyemwelewa. Nilipomfuata baadaye kumwuliza, alisema anataka apelekwe shamba kuliona chimbo alilofanya kazi utotoni, madhali macho yake bado yanaona. Basi Jumapili iliyofuata tukakodi gari la jirani: ami, mume wangu, mimi, binti yetu wa darasa la sita, na mdogo wake wa miaka minane ambaye aliahidiwa kwamba atamwona nyoka pangoni. Nani aliyemwahidi, mpaka leo sijui.

Tulianza na Maruhubi, kiasi cha kilomita nne kutoka mjini, kwenye mabaki ya jumba alilojenga Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880. Moto ulilila jumba hilo mwaka 1899, na kilichosalia ni hamamu na safu za nguzo nene zilizobeba roshani za mbao. Watu wengi hupiga picha nguzo wakaondoka. Ami yeye alikwenda moja kwa moja pale lipu ilipobanduka, akawaita watoto, akawaonyesha kwa kidole bila ya kugusa: huku ndani jiwe bichi kama lilivyotoka ardhini, halafu udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa na mchanga, halafu lipu, halafu chokaa nyeupe ya juu, nyembamba kama ngozi. "Nguzo hii imekaa bila paa tangu kabla baba yangu hajazaliwa," alisema, "na mvua zote hizo zimeingia na zikatoka."

Neno hilo, zikatoka, ndilo lililonishika. Chokaa hunywa maji na kuyatema. Jiwe la tumbawe limejaa vitundu, na lilipochimbwa karibu na pwani lina chumvi ndani yake; maji yakiingia huyeyusha chumvi, na maji yakitoka chumvi hutoka nayo, ikaonekana ukutani kama unga mweupe ambao sisi wanawake huufagia kila baada ya masika tukinung'unika. Lakini ukiufunika ukuta huo kwa saruji, maji yakishaingia kwa juu, au yakipanda kutoka chini, hayana pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, huota kama meno, na huisukuma lipu mpaka ikaachana na jiwe. Uvimbe wa nyumba yetu ulianzia huko. Naam, nilikuwa nimeusikia mambo haya yakisemwa mikutanoni. Kuyaona kwenye nguzo ya Maruhubi ni jambo jingine.

Mtoni tulipita upesi. Jumba lile ndilo kongwe kuliko majumba yote ya kifalme ya Unguja, makazi ya Sayyid Said, na ndiko alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, yule aliyekwenda kuishi Ujerumani na kuandika kitabu cha maisha yake. Kwa bahati mbaya mwanangu mdogo alikuwa ameanza kuulizia nyoka wake.

Tulipofika Bububu yalizuka mabishano garini, nami nayataja kwa sababu kila msafiri wa njia hiyo huyasikia. Mume wangu aliwaambia watoto kwamba mahali hapo paliitwa Bububu kwa mlio wa gari la moshi. Ni kweli kwamba palikuwa na reli: kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney iliijenga mwaka 1905 kutoka Ngome Kongwe, ikapita katikati ya nyumba za Malindi hadi Bububu, kiasi cha maili saba. Lakini Bibi Salme aliitaja Bububu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886, yaani miaka kumi na tisa kabla ya gari la moshi kuvuma. Jina litakuwa na asili nyingine, na wazee wengi hulinasibisha na maji ya chemchem yanavyobubujika. Mume wangu alisema hadithi ya gari la moshi ni tamu zaidi. Hilo sikubishana naye.

Jambo lisilosemwa sana kuhusu reli hiyo ni mwisho wake. Barabara zilipotengenezwa na motokaa zikaongezeka, abiria waliikimbia, na katika miaka ya 1920 ikawa zaidi ni ya kubeba mawe ya ujenzi wa bandari. Gari lililowahi kuchukua watalii wenye kofia kwenda kupunga upepo likamaliza umri wake likiwa kama punda wa machimbo. Unapoteremka kutoka melini pale Malindi, fikiria kidogo ulichokanyaga.

Chimbo la ami liko ndani, nyuma ya nyumba, katika mteremko unaopanda kuelekea Kidichi. Alituongoza kwa mkono: hapa kata, hapa nyoosha, hapa kulikuwa na mkungu. Mkungu haukuwapo. Chimbo nalo halikuwapo, ama lilikuwapo kwa umbo tu: bonde la mraba, kina chake kama mara mbili ya kimo cha mtu, limejaa migomba na nyumba tatu za matofali, na nguo zimeanikwa juu ya kamba iliyofungwa kwenye ukuta wa mwamba. Mama mwenye nyumba alitukaribisha kwa ukarimu, akatuletea maji, na alipoambiwa kwamba mzee huyu alivunja mawe hapo ujanani, akacheka akasema, "Kumbe ni wewe babu uliyenichimbia uwanja!"

Ami aliketi juu ya jiwe, na kwa muda wa nusu saa alizungumza zaidi kuliko nilivyomsikia akizungumza katika miaka kumi.

Alianza kazi akiwa na umri wa miaka kumi na minne, mwishoni mwa miaka ya 1950. Vifaa vilikuwa mtaimbo, sururu na nyundo. Mwamba wa juu ni mgumu, umechomwa na jua. Chini yake jiwe ni laini, na likitoka likiwa bado bichi hukatika kama jibini, kisha hukauka na kuwa gumu. Kwa hiyo wachimbaji walipenda kuingia kwa chini, wakala jiwe laini na kuuacha mwamba mgumu ukining'inia kama paa. Malipo yalikuwa kwa rundo lililopimwa, si kwa saa, na anayeingia chini zaidi hupata rundo lake mapema. Siku moja mwenzake, kijana wa hirimu yake, alikuwa ameingia chini akichokonoa, na paa la mwamba likashuka. Walimtoa alasiri, wakamzika kabla ya magharibi, na asubuhi ya pili mnyapara aliwaita kazini kama kawaida. Mwamba ulioanguka nao ulivunjwa ukapimwa, kwani ulikuwa jiwe zuri.

"Likapelekwa wapi?" aliuliza binti yangu.

"Mjini. Liko katika ukuta wa mtu."

"Pengine liko kwetu?"

"Kwenu ni kongwe kuliko mimi, mwanangu. Lakini la kwenu nalo lilikuwa na mtu wake."

Ami hakulitaja jina la kijana yule, wala mimi sikumwuliza. Mama wa nyumba ile aliyekuwa akisikiliza aliinama kidogo, akaenda kuanua nguo zake.

Pembeni ya chimbo palikuwa na tanuri. Msomaji usifikirie jengo. Tanuri ya chokaa ya kienyeji ni rundo tu. Hupangwa magogo kwa duara, ya minazi, miembe au mti wowote ulioanguka, safu juu ya safu, mpaka kimo cha kifua au zaidi, na katikati huachwa tundu. Juu yake humwagwa mawe ya tumbawe yaliyovunjwa vipande vya ngumi. Moto hutiwa kupitia lile tundu la katikati, na rundo huwaka usiku kucha, mtaa mzima ukiona wekundu wake. Jiwe likifika joto la nyuzi 900 hivi za sentigredi hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, likawa jepesi: kilo 100 za jiwe safi hubakia kilo 56 tu. Hiyo ndiyo chokaa hai, na ni hai kweli, kwani ukiimwagia maji inachemka, inapasuka na kutoa mvuke unaoweza kumpofusha mtu. Baada ya kupozwa kwa maji huhifadhiwa shimoni miezi mingi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ikipigwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ile ile iliyoipoteza motoni, polepole, miaka kwa miaka, mpaka ikarudi kuwa jiwe. Binti yangu, ambaye skulini sayansi ndilo somo analolipenda, aliiandika hesabu hii kwenye kiganja cha mkono wake.

Sitaki msomaji adhani ninaipamba chokaa. Tanuri moja humeza magogo ya miti mingi, na miti ya kisiwa hiki haina haja ya adui mwingine. Vifua vya wachomaji viliharibika kwa vumbi, na ami mwenyewe ana jicho la kushoto ambalo halikupata kupona sawasawa. Wala saruji si mgeni kutoka nchi ya mbali: kiwanda cha Wazo, Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966, huichimba malighafi yake katika kilima cha matumbawe ya kale, nduguye mwamba wetu, ikachomwa kwa joto kubwa zaidi. Majumba ya Michenzani ya miaka ya 1970 yamewahifadhi maelfu ya watu, na hayakujengwa kwa chokaa. Kosa ni kulivika jiwe la kale koti lisilopumua.

Kutoka hapo tulipanda Kidichi, na hapo ndipo ninapokusihi usikose kufika ukipata siku moja tu. Mwaka 1850 Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, mjukuu wa Shaha, hamamu katikati ya mashamba ya mikarafuu. Nje ni kibanda cheupe chenye makuba, hakikushangazi. Ndani, kuta zimejaa maua, mitende na ndege waliochongwa katika lipu ya chokaa kwa mtindo wa Kiajemi, na mwanga unaingia kwa matundu ya kuba juu ya kichwa. Unyevu umezitia weusi sehemu nyingi. Nilisimama nikafikiri: jiwe lile lile, moto ule ule, rundo lile lile la magogo, pale Bububu limemfukia kijana, na hapa limekuwa bawa la tausi. Ami alitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kisha akasema fundi aliyefanya kazi hii hakulipwa kwa rundo.

Masingini tuliupanda mgongo wetu kwa gari, na sitadai kwamba tulichoka. Msitu wake umehifadhiwa kwa sababu iliyo na maana kuliko mandhari: ardhi yake hupokea mvua na kuipeleka chini kwa chini hadi chemchem za Bububu na Mtoni zinazonywesha mji. Sayyid Barghash ndiye aliyevuta maji ya chemchem kwa mabomba hadi mjini katika karne ya kumi na tisa. Mwamba wenye vitundu hauwezi kuchagua: hupitisha maji safi, na hupitisha uchafu vile vile. Anayechimba shimo na kulijaza taka juu ya mwamba huo anawawekea watu wa chini vitu katika birika lao. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kukaanga chini ya miti, na kima walitutazama kama watoza ushuru.

Tukirudi barabara kuu kuelekea kaskazini tulipishana na malori ya mchanga. Mchanga ndio uchimbaji mkubwa wa kisiwa sasa. Kila tofali la saruji linauhitaji, na pande za Donge na kwingineko mashamba yaliyokuwa na minazi na mihogo yamechimbwa yakabaki mabonde meupe yanayosimama maji. Serikali imeuwekea uchimbaji huo masharti na vibali, kwani kisiwa ni kidogo na mchanga wa ardhini hauoti tena. Jiwe likichimbwa, ami alituambia, hubaki shimo unaloweza kulijengea nyumba ndani, kama yule mama. Mchanga ukichimbwa, udongo wa juu huondoka nao, na mkulima hurudi kwenye shamba ambalo halimjui.

Tuliishia Mangapwani, kama kilomita ishirini kutoka mjini. Kuna mambo mawili hapo, na usiyachanganye. Lipo pango la asili ambalo maji yamelichonga katika mwamba, lenye dimbwi la maji baridi chini yake; hapo mwanangu alimtafuta nyoka, akamkosa, akaridhika na popo. Na kaskazini yake, karibu na ufuo, kipo chumba cha watumwa. Hicho kilichongwa na mikono ya watu. Husimuliwa kwamba tajiri Mohammed bin Nassor al-Alwi ndiye aliyekifanya, ili kuficha watu waliokuwa wakiuzwa kwa siri baada ya mkataba wa mwaka 1873 kulifunga soko la watumwa la mjini. Ni vyumba viwili vilivyozamishwa katika mwamba, vimeezekwa kwa juu, na ngazi za mawe zinashuka ndani. Ukiteremka, joto na harufu ya unyevu hukupokea kabla ya giza.

Watalii waliokuwapo walisikiliza maelezo kuhusu waliofungwa humo, kama ipasavyo. Ami hakusikiliza maelezo. Alikuwa ameuweka mkono wake juu ya ukuta, akiupapasa polepole kutoka kona moja hadi nyingine, mahali ambapo alama za chuma bado zinaonekana. Nilimsogelea nikidhani amechoka.

"Huyu alikuwa fundi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tazama kona. Amefuata jiwe laini, halafu alipofika kwenye gumu amebadilisha mkono. Hii si kazi ya siku moja wala ya mtu mmoja. Na walijua wanachonga nini."

Nilimwuliza kama wachongaji wenyewe nao hawakuwa watumwa. Alisema, "Wewe unadhani walikuwa nani?"

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yetu, na sikujua ametusikia mpaka tulipokuwa garini. Aliniuliza kama na nyumba yetu iliyojengwa zamani ilichimbiwa mawe na watu wa namna hiyo. Nilimjibu ndiyo, kwa yakini karibu yote ya karne hiyo ilikuwa hivyo, majumba ya kifalme na ya matajiri na hata misikiti. Akataka kujua kama babu yake mzaa babu aliwalipa. Baba wa babu yangu alinunua nyumba hiyo ikiwa imekwisha kujengwa, na jibu hilo nililitoa haraka, na nikaona kwamba halikumtosha. Msomaji mzazi, ukiwapeleka watoto Mangapwani ujiandae kwa maswali ya njia ya kurudi. Usiwanyamazishe, na usiwadanganye.

Usiku ule tulimpigia kaka Maskati. Ami ndiye aliyezungumza naye. Alimwambia kwamba lipu ya saruji ibanduliwe yote, ukuta uegemezwe kwa boriti uchwe ukauke, mama mpangaji na wajukuu zake wahamie vyumba vya nyuma kwa gharama zetu, na kazi ya chokaa ifanyike baada ya masika, kwa kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ambayo tangu mwaka 1985 ndiyo yenye dhamana ya majengo hayo. Kaka hakufurahi. Alisema chokaa ni kazi ya wazee, mafundi wake wanahesabika, na ukuta usiosubiri hausubiri. Maneno yake si ya upuuzi. Msimu mmoja wa mvua kwa ukuta ulioegemezwa ni hatari ya kweli, nami sijalala vizuri tangu tulipoamua. Mwisho alisema, "Ukianguka, mtajibu nyinyi." Lakini fedha hakuzizuia.

Mtu akitaka kuifuata njia yetu, gari za shamba ziendazo Bumbwini hupita Maruhubi, Mtoni, Bububu na karibu na Mangapwani. Kwenda Kidichi na Masingini utahitaji kukodi, au miguu yenye afya. Toka asubuhi mapema, chukua tochi kwa ajili ya pango, viatu visivyoteleza, maji ya kutosha, na chakula chako mwenyewe kwani kitakuwa rahisi na kitamu zaidi. Mahali pa kihistoria hutozwa kiingilio kidogo. Na kama katika ukoo wenu yupo mzee aliyewahi kushika nyundo, mpeni kiti cha mbele.

Magunia ya chokaa yalifika Jumatano. Ami alisimamia uchimbaji wa shimo uani, chokaa ikatiwa, ikamwagiwa maji na kufunikwa kwa mbao na turubai. Watoto wamekatazwa kulisogelea. Kila asubuhi kabla ya chai mzee hufunua pembe moja, huichovya fimbo, huitazama, kisha husema bado.